Barua ya wazi kwa Wazee Washauri wa Konoha: Itachi Uchiha mlimdumaza wenyewe

Kwa:
Mheshimiwa Mzee Homura Mitokado,
Mheshimiwa Bibi Koharu Utatane,
Baraza la Wazee Washauri,
Ofisi ya Hokage,
Kijiji cha Konoha, Nchi ya Moto.

Waheshimiwa wazee, shikamooni.

YAH: MAREHEMU ITACHI UCHIHA KUTOFIKIA UKOMO WA UWEZO WAKE

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Ninaandika kama msomaji tu. Sina ndugu Konoha. Nimewajua, kama walivyowajua wengine wengi, kupitia Naruto, manga (hadithi ya vibonzo) ya Masashi Kishimoto iliyoanza kuchapwa Japani mwaka 1999 na kufungwa mwaka 2014 kwa sura ya 700. Ninawaandikia ninyi wawili kwa sababu ndio mliosalia. Siri ya usiku ambao Itachi, kwa amri, aliua ukoo wake wa Uchiha uliokuwa ukipanga mapinduzi, akimwacha hai mdogo wake Sasuke tu, ilikuwa mikononi mwa wakubwa wanne. Hokage (mkuu wa kijiji) wa Tatu, Mzee Hiruzen Sarutobi, alikufa akipambana na Orochimaru, mwanafunzi wake mwenyewe. Mzee Danzo Shimura, mkuu wa kikosi cha siri cha Mzizi, alikutana na Sasuke darajani, yakamfika. Mmebaki ninyi, na hadharani hamjatamka neno.

Mtasema mambo ya wakubwa huamuliwa chemba, na mwenye malalamiko apite mlango wa nyuma. Mlango huo umeshagongwa na waliokuwa na haki kunizidi. Hiruzen, tena akiwa Hokage, alitaka muda wa kuzungumza na Uchiha. Hakuupata. Shisui, rafiki wa Itachi wa ukoo huohuo, alikuwa na njia ya kuzima mapinduzi bila kumwaga damu, na Danzo akamng'oa jicho la kulia. Itachi mwenyewe alimwachia Hiruzen ombi moja, amlindie mdogo wake, kisha akatoka kijijini akiwa na jina la muuaji wa wazazi wake. Kila kitu kilipita chemba, na kila kilichopita chemba kiliishia kaburini. Ndiyo maana barua hii naiandika pa kusomwa na kila mtu.

Huku kwetu vijana wanaofuatilia anime hawaachi kubishana juu ya mtu wenu huyu. Kuna anayempanga bega kwa bega na Madara, gwiji wa kale wa ukoo wa Uchiha. Kuna anayesema amepambwa tu na mashabiki, kwamba ukimwondolea genjutsu (mbinu za kuichezea akili ya adui) habaki na kitu. Wakishachoka hukubaliana jambo moja: maradhi ndiyo yaliyomwangusha, bila hayo tungemwona. Mimi nasema maradhi yalikuwa wa mwisho kwenye foleni. Kabla yake mlisimama ninyi. Mwanzo hadi mwisho Itachi alitumika kama chombo cha kazi ya siri, na chombo cha kazi ya siri hakikuzwi, hutumika mpaka kiishe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimpandisha cheo, hamkumlea.

Kumbukumbu zenu zenyewe zinamtukuza. Alihitimu Chuo cha Ninja akiwa na miaka 7, Sharingan, jicho la nguvu la ukoo wake, akaimudu akiwa na 8, akawa chunin (ninja wa daraja la kati) akiwa na 10, na kufikia miaka 13 alikuwa kapteni wa Anbu, kikosi cha siri cha kijiji. Mnayasoma haya kwa fahari. Mimi nayasoma nikiwa na mtoto wa darasa la saba kichwani, kwa sababu huo ndio umri: mtoto wa darasa la saba mmempa kinyago na upanga, na watu wazima wa kuwaamrisha. Akiwa na miaka 4 alikwishaona vita ya Tatu ya Ninja na maiti zake, na kule ndiko alikoanza kuichukia vita. Mtoto anayechukia vita kwa dhati ni hazina kwa kijiji. Ninyi mkaona humo mtu asiyeweza kukataa chochote akiambiwa ni kwa ajili ya amani.

Tazameni wenzake. Kakashi alikuwa mtoto wa maajabu vilevile, lakini alikuwa na mwalimu, Minato, juu yake. Naruto, shujaa wa hadithi, ambaye darasani alikuwa wa mwisho, alipitia mikononi mwa Iruka, Kakashi na Jiraiya, na huyo Jiraiya alizunguka naye zaidi ya miaka miwili akimfundisha tu. Hata Sasuke, kwa njia zake za giza, alipata mwalimu wa kumnoa. Itachi alinolewa na nani? Manga haituonyeshi mtu mzima aliyekaa naye miaka, akamsahihisha, akamwambia leo pumzika. Tunamwona Shisui tu, naye alikuwa kijana mwenziwe. Kipaji kilijilea chenyewe kati ya zamu na zamu.

2. Mlimfanya jasusi wa pande mbili.

Baba yake, Fugaku, alimtaka awe jicho la ukoo ndani ya Anbu. Ninyi mkamtaka nyumbani awe jicho la kijiji. Sitakaa sana hapa, kila aliyesoma anajua. Nauliza tu: mtu anayelala nyumba moja na anaowapeleleza, anafanya mazoezi ya nini, saa ngapi, na nani?

3. Mlimnyima Shisui, na hapo ndipo mlipoufunga mlango.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Jicho la Shisui lilikuwa na Kotoamatsukami, genjutsu ya kumbadilisha mtu nia bila mwenyewe kujua amebadilishwa. Mpango ulikuwa kuitumia kuzima mapinduzi. Sisemi ulikuwa mpango safi. Kuingia kichwani mwa watu na kuwapangia wanachokitaka ni jambo zito. Lakini liwekeni kwenye mizani na mlichokuja kufanya baadaye. Danzo hakumwamini kijana wa Uchiha hata pale kijana huyo alipokuwa upande wa kijiji. Akachukua jicho. Shisui akamkabidhi Itachi lile la pili, akajitosa mto Naka.

Kwa msiba huo Itachi akafungua Mangekyo Sharingan, daraja la juu la jicho la ukoo. Haya macho tunayoshangilia, yenye Tsukuyomi (genjutsu ya mateso) na Amaterasu (moto mweusi) na Susanoo (jitu la nishati linalomkinga mwenyewe), yalifunguliwa na kifo ambacho mtu wa baraza lenu alikisababisha. Na Mangekyo ina bei yake. Kila ukiitumia nuru inapungua, mpaka giza. Dawa yake inajulikana katika ukoo ni moja: macho ya ndugu. Madara aliyapata ya Izuna, mdogo wake, akawa Madara tunayemjua.

Itachi alikuwa na ndugu mmoja. Mdogo wake, ambaye kwa ajili yake alikubali kupoteza kila kitu kingine duniani. Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye nguvu kamili ilikuwepo, ilikuwa wazi, na alikuwa na uwezo wa kuipita siku yoyote aliyotaka. Alijifanya anaitaka. Siku ya pambano lao la mwisho alimsogelea Sasuke ukutani, macho yamefifia, damu mdomoni, mkono umenyooshwa kama anayekwenda kung'oa. Vidole viwili vikamgusa kijana pajini mwa uso, vilevile alivyokuwa akimfanyia utotoni kila alipomwomba wafanye mazoezi, na akamwambia safari hii ndiyo ya mwisho. Akaanguka.

Baadaye macho yake aliwekewa Sasuke. Mangekyo ya milele ikapatikana, Susanoo ikakamilika mpaka ikasimama kama mlima. Kwa hiyo anayeuliza ukomo wa nguvu za macho ya Itachi ulikuwa wapi, ajue sehemu yake kubwa tuliiona. Tuliiona usoni mwa mtu mwingine.

4. Mlimwachia aumwe peke yake.

Manga haitaji jina la ugonjwa wake. Tunachoambiwa ni kwamba alijua anakufa, na alijisukuma kwa dawa ili afike siku ya kukutana na mdogo wake. Kitabu rasmi cha takwimu za wahusika kinampa 5 kamili katika ninjutsu (mbinu za kininja), genjutsu, akili, kasi na ishara za mikono. Kwenye stamina kimempa 2.5. Jumla yake, 35.5, inalingana na ya Jiraiya, mmoja wa Sannin (ninja watatu mashuhuri wa Konoha), aliyekuwa mtu wa makamo. Ile 2.5 pekee ingekuwa 4, ubishi wetu wote wa vijiweni ungekwisha.

Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mganga bora kuliko wote katika nchi za ninja alikuwa wenu. Tsunade alirudi kijijini, akakalia kiti cha Hokage wa Tano, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuwatibu Kakashi na Sasuke, waliokuwa wamelazwa kwa Tsukuyomi ya Itachi. Akamfanyia Rock Lee upasuaji ambao nusu yake ilikuwa kufa. Kutoka hapo mpaka Itachi anaanguka ilipita zaidi ya miaka miwili. Aliyelazwa na Itachi alipata daktari. Itachi, mtumishi wenu mliyemtuma wenyewe, hakuweza kukanyaga lango la hospitali, kwa sababu kwenye karatasi zenu alikuwa mhalifu wa daraja la S, la juu kabisa. Neno moja kutoka kwenu kwa Hokage mpya, kwa siri hiyohiyo mnayoipenda, lingetosha. Nani alimnong'oneza Tsunade? Hakuna.

5. Hamkuwahi kumpa pambano la kushinda.

Watu husahau hili wanapompima. Alipokuja Konoha na Kisame, mwenzake katika kundi la wahalifu la Akatsuki, hakuja kuua. Asuma, Kurenai na Kakashi wote waliondoka hai. Mbele ya Jiraiya alirudi nyuma, na Kisame akabaki kushangaa. Naruto na wenzake walipopambana naye wakienda kumwokoa Gaara, yule hakuwa yeye: ulikuwa mwili wa mtu mwingine uliovishwa sura yake na kupewa asilimia 30 ya chakra (nishati ya kininja) yake. Na pambano kubwa kuliko yote ya uhai wake, lile la Sasuke, aliingia akiwa amepanga kushindwa.

Hata katika kushindwa huko alikuwa kazini. Aliusukuma mwili wa Sasuke mpaka Orochimaru, aliyekuwa amefungiwa ndani yake, akajitokeza, kisha akamchoma kwa upanga wa Totsuka na kumfungia humo milele. Zetsu, aliyekuwa akitazama pembeni, alikiri kwamba mwenye Totsuka na ngao ya kioo cha Yata hagusiki. Itachi alikuwa navyo vyote viwili. Amaterasu yake akaipandikiza katika jicho la Sasuke kumkinga dhidi ya yule mtu wa barakoa. Jicho la Shisui alishamwekea Naruto tumboni, ndani ya kunguru. Alikufa akiwa amegawa kila silaha aliyokuwa nayo.

Lini basi tulimwona akipigana kwa uhuru? Alipokuwa maiti. Kabuto, mfuasi wa Orochimaru, alipomfufua kwa Edo Tensei (mbinu ya kufufua wafu na kuwaamrisha) katika Vita ya Nne, akiwa hana ugonjwa na chakra yake haiishi, kunguru yule alimvunjia minyororo, na ghafla tukamwona mtu mwingine. Akamfungia Nagato, mfu mwenzake, kwa Totsuka. Akamkamata Kabuto kwa Izanami, genjutsu ya kunasa akili, bila kumuua, huku akimweleza kwa utulivu amekosea wapi. Kisha akamlazimisha aifute Edo Tensei yenyewe, akijua na yeye atakwenda nayo. Waheshimiwa, mtumishi wenu alipata afya na ruhusa ya kupigana upande wake baada ya kufa. Aibu hiyo inatosha kujaza barua nyingine.

Naujua utetezi wenu.

Mtasema mapinduzi yangeleta vita ya wenyewe kwa wenyewe, na vijiji vingine vingetuvamia. Huenda. Lakini ni nani aliyewasukuma Uchiha pembezoni mwa kijiji baada ya Mkia Tisa, lile jini la mbweha, kushambulia, akawashuku bila ushahidi, akawawekea macho? Aliyemwachia yule Mkia Tisa alikuwa Obito, yule mtu wa barakoa, Uchiha mliyemdhani amekufa, ambaye jina lake mlikuwa mmelichonga kwenye jiwe la mashujaa. Na vita mliyoikwepa ilikuja vilevile, kubwa kuliko mliyoiogopa, ikiongozwa na mabaki ya ukoo mliotaka kuufuta. Sasuke mwenyewe, alipoujua ukweli, alitoka na kiapo cha kuiteketeza Konoha.

Mtasema alichagua mwenyewe. Miaka 13. Mbele yake Danzo ameweka njia mbili, wazazi wanakufa katika zote, na tofauti ni mdogo wake tu. Hata hao wazazi walilielewa hilo kuliko ninyi. Walipiga magoti wakimpa mgongo, upanga ukitetemeka mikononi mwa mtoto wao anayelia, na Fugaku akamwambia asiogope, kwamba mawazo yao yametofautiana lakini anajivunia. Baba aliyeshindwa katika siasa zake zote alimpa mwanawe dakika moja ya malezi. Ofisi yenu haikumpa hata hiyo.

Wapo watakaonituma kwa Bwana Kishimoto, kwamba shujaa akiwa na nguvu zote hadithi inakufa, ndiyo maana kampa ugonjwa. Hoja ya kiufundi hiyo, naikubali. Ila mwandishi hakutuachia ugonjwa peke yake. Alituwekea sababu zote ndani ya hadithi, ukurasa kwa ukurasa, na sababu hizo zina sahihi za baraza lenu.

Na ili msinione shabiki kipofu: simfanyi Itachi malaika, na wanaomfanya malaika wananichosha. Aliua watu wasiokuwa na habari na mapinduzi yoyote. Mtoto mdogo, ndugu yake, alimwonyesha mauaji ya wazazi ndani ya Tsukuyomi ili amjaze chuki, akidhani chuki itamkuza. Ilikuwa ukatili, na karibu impoteze Sasuke kabisa. Yeye mwenyewe, alipofufuliwa, alimwambia Sasuke kwamba alikosea kujitwisha yote peke yake, kwamba tangu mwanzo angemweleza ukweli. Angalau aliyefanya amesema. Walioagiza bado wamenyamaza.

Kwa heshima zote, ninaomba yafuatayo:

(a) Baraza litangaze kwa wanakijiji wote nani aliagiza, nani aliidhinisha na nani alijua. Katika sura zote 700 sikuona siku ambayo kijiji kimetangaziwa. Najua Itachi mwenyewe alitaka siri ibaki ili jina la Uchiha lisichafuke. Ukoo huo sasa una mtu wa kuusemea: Sasuke yupo, aulizwe yeye.

(b) Jina la Itachi Uchiha, na jina la Shisui Uchiha, yachongwe kwenye jiwe la mashujaa. Nafasi ipo. Mlimpa Obito.

(c) Asiingie Anbu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata akiwa na kipaji cha namna gani, na kila aliyemo awe na mganga anayemjua kwa jina na rekodi za afya zinazosomwa na Hokage.

(d) Amri yoyote ya kuua iandikwe na kutiwa sahihi na anayeiagiza. Mkono wa mzee ukitakiwa kuandika "ua ukoo mzima, watoto wakiwemo", huenda ungesita.

(e) Ninyi wawili mstaafu. Miaka yenu ya utumishi inaheshimika, na vita mlizozipitia hazikuwa ndogo. Lakini hampaswi kuwa mnamshauri Hokage yeyote juu ya mtoto yeyote.

Majibu nayapokea kwa maandishi na hadharani, kama barua hii ilivyokuja. Mjumbe wa usiku asitumwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa manga, Afrika Mashariki

Nakala: Ofisi ya Hokage, kwa utekelezaji.
Hospitali ya Konoha, kwa taarifa ya kipengele (c).
Sasuke Uchiha, popote alipo safarini.
Kikosi cha Mzizi: hakijatumiwa nakala, kitaisoma tu.